Kabla hujapanda Mokhotlong

Watu wengi wa kwetu wakisikia safari ya Lesotho huulizia viza na nauli, basi. Kwa anayekwenda wilaya ya Mokhotlong, kaskazini-mashariki mwa nchi hiyo, swali la kwanza liwe mwinuko. Mji wenyewe uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na wilayani humo ndimo ulimo Thabana Ntlenyana, mita 3,482, mlima usio na wa kuuzidi katika nchi zote za kusini mwa Afrika. Ukihesabu kilomita peke yake utakosea mahesabu yote.

Angalia unakwenda mwezi gani. Juni hadi Agosti baridi ni kali kwelikweli, na aliyezoea sakitu, ule umande ulioganda, ya Makete huko Tanzania asidhani ameshaijua: Juni 1967, huko Letšeng-la-Draai, wilayani humohumo, kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 20.4 chini ya sifuri. Mchana jua linaweza kukuvua koti. Likishazama, maji ya ndoo iliyoachwa nje yanaganda. Vaa nguo kadhaa moja juu ya nyingine. Wenyeji hujifunika blanketi zito la sufu, wakalibana kwa pini kubwa, nami naona ndilo vazi la maana kuliko yote utakayobeba. Simu nayo ilale humo pamoja nawe, maana baridi hula chaji.

Njia ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Ukitokea mji wa Butha-Buthe unavuka kipito cha mlimani cha Mahlasela, mita 3,222. Sisi tuliokulia karibu na ikweta hatulifikirii jambo hili: huko jua la majira ya baridi hupita upande wa kaskazini, hivyo miteremko inayotazama kusini hushinda kivulini. Theluji ya juzi itakuwa imeyeyuka kote, lakini kwenye kona hizo barafu bado imeshika barabara, nyembamba, huioni mpaka gari limeteleza. Ondoka jua likishapanda, ufike kabla ya giza. Anayepandia Sani Pass, njia ya mlimani ya kutoka Afrika Kusini, lazima awe na gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, na aulizie mapema saa ya kufungwa mpaka. Ndani ya gari weka maji, chakula na mablanketi ya kutosha kulala njiani.

Kama utajipikia, kumbuka kwamba mjini hapo maji huchemka kwenye nyuzi 92 hivi, si 100. Maharage loweka usiku kucha, la sivyo utamaliza gesi nayo bado magumu. Miti ni michache. Vijijini watu huwasha samadi iliyokaushwa. Na tafadhali sana, usilale na jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa. Moshi wake usioonekana unaua.

Oktoba hadi Aprili ni mvua, mara nyingi alasiri, pamoja na radi na mvua ya mawe. Matembezi ya kilimani yaishe kabla ya mchana. Wingu likianza kujenga, shuka kutoka kwenye ukingo wa mlima. Mito inayomwaga maji yake katika mto mkubwa wa Senqu hujaa ghafla. Mchungaji utakayekutana naye msalimie, “Lumela, ntate,” yaani “Hujambo, bwana” kwa Kisotho, umuulize kivuko kikoje. Yeye amekipita asubuhi hiyohiyo.