Jinsi ya Kukadiria Bei ya Kuuza Gari la Mashindano Ulilojijengea

Anayejenga gari la mashindano kwa mikono yake huwa na hesabu mbili kichwani: pesa alizozitoa na usiku aliokesha. Siku ya kuuza, hesabu zote mbili hukataliwa na mnunuzi. Niliuza gari langu la kwanza la autokrosi, yaani mbio za magari kwenye uwanja wa vumbi, Toyota Starlet EP82, baada ya kulitangaza kwa miezi saba kwa bei iliyokuwa jumla ya risiti zangu zote, na hatimaye nikapokea chini ya nusu yake. Tangu hapo nimejenga na kuuza magari kadhaa hapa Nairobi, na nimewasaidia wenzangu kukadiria ya kwao. Mwongozo huu unafuata utaratibu ninaoutumia. Mifano yake ni ya Kenya, kwa sababu ndilo soko ninalolijua, na bei za mfano nimeziweka kwa ajili ya kuonyesha hesabu tu.

Hatua ya 1: Tambua gari lako linaingia daraja gani

Mnunuzi wa gari la mashindano hununua nafasi ya kushindana. Kabla ya kufikiria bei, fungua kanuni za mwaka huu za Shirikisho la Michezo ya Magari la Kenya, KMSF, ujue gari lako lingesajiliwa katika daraja lipi likifika uwanjani kama lilivyo leo. Kwenye autokrosi, magari yanayosukumwa na magurudumu mawili hayapangwi pamoja na yale ya magurudumu manne, na yenye tabo, kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi, hutengwa na yasiyo na tabo.

Wengi hujikwaa hapa bila kujua. Mtu anaitoa injini ya kawaida ya Starlet na kuweka 4E-FTE yenye tabo, akiamini kwamba ameliongezea gari thamani. Injini hiyo ina ujazo wa sentimita za ujazo 1331, lakini kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, huzidisha ujazo wa injini ya petroli yenye tabo kwa 1.7, kwa hiyo panapotumika kipimo hicho gari lile dogo huhesabiwa kuwa na takriban 2263 na kujikuta likipambana na magari yaliyojengwa kwa kazi nzito zaidi. Nguvu imeongezeka, ila idadi ya watu wanaotaka kulinunua imepungua. Nikiulizwa lipi huuzika kwa haraka kati ya gari lisilo na tabo lililotulia katika daraja lake na lile lenye nguvu nyingi lisilo na mahali, jibu langu ni la kwanza, tena bila kusita.

Hatua ya 2: Kagua bodi na kizimba kabla ya injini

Injini hubadilishwa kwa siku mbili. Bodi iliyopinda au kizimba, yaani fremu ya mabomba inayomlinda dereva gari likipinduka, kilicholehemiwa vibaya hakirekebishiki kwa bei ya maana, na ndiyo sababu mimi huanzia hapo.

Bodi safi ya gari la miaka ya 1990 ina thamani yake yenyewe nchini Kenya. Sheria hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka minane, hivyo Starlet au Subaru Impreza GC8, ambayo uzalishaji wake ulikoma mwaka 2000, hupatikana miongoni mwa zile zilizokwisha kuwamo nchini tu, nazo hupungua kila mwaka kwa ajali na kutu. Inua zulia, kwaruza rangi kwenye maungio ya sakafu, tazama mahali saspensheni inaposhika bodi. Pima pia umbali wa mshazari kutoka sehemu za mbele zinazoshika saspensheni hadi zile za nyuma, pande zote mbili. Vipimo viwili vikitofautiana kwa zaidi ya milimita chache, gari limewahi kugonga au kuanguka, na utalazimika kulisema hilo.

Kwenye kizimba, anza na kipenyo na unene wa mabomba. Kiambatisho J cha kanuni za FIA kinataka tao kuu, lile lililo nyuma ya viti, liwe la bomba lisilo na mshono, lenye kipenyo cha milimita 45 na unene wa 2.5, au kipenyo cha 50 na unene wa 2.0. Mabomba mengine ni milimita 38 kwa 2.5 au 40 kwa 2.0. Kipenyo utakipata kwa kalipa. Unene unahitaji kifaa cha mawimbi ya sauti, au risiti ya duka la chuma inayotaja bomba lenyewe. Nimeshuhudia gari zuri la kutazamwa likikataliwa na mnunuzi pale pale kwa kuwa mshono mwembamba ulionekana ukipita kwa urefu ndani ya bomba: lilikuwa bomba la kawaida la kujengea geti.

Kisha tazama maungio ya juu, karibu na paa. Hapo ndipo gari langu la kwanza liliponiponza. Mnunuzi alikuja na kioo kidogo cha mkononi na tochi ya simu, akaingiza mkono kati ya bomba na paa, akakaa kimya kwa muda, kisha akaniita nitazame. Chini ya bomba, chuma kilichoyeyushwa kilizunguka vizuri kama ushanga. Juu, upande ambao fundi hakuweza kufikisha mkono, palikuwa na ufa mtupu uliofunikwa kwa rangi. Maungio manne yalikuwa hivyo. Anayejua kazi hii huliondoa paa, au huteremsha kizimba kupitia matundu ya muda kwenye sakafu, akalehemu mzunguko mzima, kisha akakirudisha. Fundi wangu hakufanya hivyo, nami sikukagua. Kwa hiyo tumia kioo hicho mwenyewe kabla mgeni hajaja nacho. Ukikuta ufa, ama ulehemiwe upya, ama bei ya kizimba iondoke kabisa katika hesabu yako, kwa sababu mnunuzi atakayekiamini ataingia ndani yake na kufunga mikanda.

Hatua ya 3: Pima mitambo na uandike namba

Neno "injini iko sawa" halina bei. Pima mgandamizo wa kila silinda injini ikiwa moto, valvu ya hewa, ile inayofunguliwa na pedali ya mafuta, ikiwa wazi kabisa, uandike namba nne pamoja na tarehe. Tofauti kati ya silinda yenye mgandamizo mkubwa na yenye mdogo ikivuka asilimia 10, mnunuzi makini atahesabu injini hiyo kama ya kufunguliwa. Baada ya hapo, ondoa bomba la hewa lililo baada ya filta na upitishe kitambaa cheupe ndani yake. Vumbi la Kedong au la Athi River ni laini kama unga, likipenya filta hukwangua silinda taratibu, na rangi ya kahawia kwenye kitambaa hicho huonyesha maisha ya injini kuliko sauti yake.

Gia boksi, difu, shokamzoba na breki zikague kwa utaratibu huohuo: nini kilifunguliwa, lini, na kimekimbia mashindano mangapi tangu hapo.

Hatua ya 4: Soma tarehe za vifaa vya usalama

Kiti chenye lebo ya FIA 8855-1999 huhesabiwa kuwa hai kwa miaka mitano tangu kutengenezwa, na kile cha 8862-2009 kwa miaka kumi. Mikanda ina tarehe yake ya mwisho kwenye lebo, na kizimamoto kina tarehe ya huduma. Kilichopitwa na muda kiandike sifuri. Najua inauma kukiandikia sifuri kiti kisicho na mkwaruzo hata mmoja, ila wakaguzi hawatakipitisha, na mnunuzi atanunua kingine.

Hatua ya 5: Tafuta sakafu ya bei

Sakafu ni kiasi ambacho ungepata ukilibomoa gari na kuuza kipande kimoja kimoja. Zunguka Kirinyaga Road, uliza bei ya spea zilizotumika, na uwaulize madereva wenzako wangelipa ngapi kwa shokamzoba au difu yako. Andika bei wanayolipa wao. Bei anayouzia mwenye duka haikuhusu.

Tuseme injini imepata shilingi 180,000, gia boksi na difu yake 110,000, shokamzoba 100,000, rimu na tairi 60,000, kiti na mikanda sifuri kwa kuwa muda wake umekwisha, na bodi pamoja na kizimba chake na logibuku, hati ya umiliki wa gari, 150,000. Jumla ni 600,000. Toa 80,000 za fundi wa kubomoa na miezi ya kusubiri wateja, na unabaki na 520,000. Ukipewa ofa iliyo chini ya hapo kwa gari zima, usiikubali.

Hatua ya 6: Tafuta dari ya bei

Dari ni gharama ambayo mnunuzi angeingia leo kujenga gari kama lako, akinunua kwa busara na bila makosa uliyoyafanya wewe. Makosa yako, injini uliyoiua kwa kusahau kubadilisha pampu ya oili na rangi uliyoirudia mara mbili, hayamo humo. Kama wewe ulitumia 1,750,000, huenda yeye angefika kwa 1,300,000.

Toa gharama zote atakazolazimika kulipa kabla ya shindano la kwanza. Mikanda 45,000, kiti 60,000, tairi 80,000 na klachi 25,000 ni 210,000, na dari inashuka hadi 1,090,000.

Hatua ya 7: Punguza kwa kiasi cha mashaka

Hatua hii ndiyo inayoamua zaidi, nayo ndiyo wauzaji wengi huiruka. Mnunuzi hakuwapo ulipokuwa ukijenga. Hajui kama nati zilikazwa kwa kipimo, kama nyaya ziliungwa kwa klipu au kwa kusokotwa na kufungwa utepe. Gharama ya kutojua huko unailipa wewe, na kiasi chake hutegemea ushahidi ulio nao.

Mimi hutumia makadirio haya, yaliyotokana na mauzo niliyoyaona. Gari lenye daftari la huduma, risiti, picha za kizimba kabla ya rangi, mchoro wa nyaya na kumbukumbu za ukaguzi wa mashindano hupunguzwa asilimia 15. Lisilo na chochote ila maneno ya mwenyewe hupunguzwa 35. Kwa gari letu la mfano, la kwanza linafika 926,500 na la pili 708,500. Ni gari lilelile, injini ileile, na tofauti ya shilingi 218,000 imo ndani ya bahasha ya karatasi.

Kama hukuweka kumbukumbu, bado unaweza kuokoa sehemu. Tafuta picha za zamani kwenye simu, chora nyaya upya, omba mafundi wakuandikie walichofanya na lini. Hakikisha pia namba ya chesisi na ya injini zinalingana na zilizo kwenye rekodi ya NTSA, mamlaka ya Kenya inayosajili magari, kwa maana injini iliyobadilishwa bila kuandikishwa husimamisha uhamisho wa umiliki, na mnunuzi akishaona mkwamo wa karatasi hurudi nyuma hata kama gari amelipenda.

Hatua ya 8: Panga bei na namna ya kuuza

Sasa una sakafu ya 520,000 na makadirio ya 926,500. Tangaza kwa nafasi ndogo juu ya makadirio, tuseme 980,000, na usipandishe zaidi, kwa sababu wanunuzi wa magari haya ni wachache, wanajuana, na gari lililokaa sokoni muda mrefu hupata sifa mbaya lisiyostahili. Tangaza kabla msimu haujaanza, wakati watu wanapanga bajeti. Rimu za ziada, gia boksi ya akiba na tairi za mvua ziorodheshe kando kwa bei zake, maana zikichanganywa na gari hutolewa bure.

Katika tangazo, taja kasoro kwa maneno kamili na uweke picha ya kila moja, pamoja na namba za mgandamizo na tarehe za lebo. Mnunuzi akitaka kuja na fundi wake na kioo chake, mpe siku nzima, liweke gari juu ya stendi nne, ondoa magurudumu, na umwachie daftari alisome kabla hamjaanza kuzungumzia pesa.