Kufunga kitako cha kikombe cha karatasi kwa hewa ya moto

Wadau, habari za kazi.

Juzi mwenzetu mmoja alituma picha ya katoni ya vikombe vya chai iliyorudishwa na mteja wa Kariakoo. Vitako vimelowa, vingine vimeanza kudondoka. Chini ya picha kaandika: "Nimepandisha moto hadi mwisho na bado vinavuja." Nilicheka, maana sentensi hiyo niliwahi kuisema mimi mwenyewe, mwaka wangu wa kwanza, nimesimama kwenye banda letu la Vingunguti, fulana imelowa jasho na kidole kiko kwenye kitufe cha kuongeza. Moto ni kitu cha mwisho kugusa. Anza na hewa.

Lakini kwanza kijue kitako chenyewe. Nimekutana na watu wanaendesha mashine miaka na hawajawahi kupasua kikombe wakakitazama. Chukua kimoja, kipasue kwa wembe kuanzia mdomoni hadi chini. Utaona kitako hakikubandikwa chini kama kifuniko. Ni duara lililosukumwa ndani ya ubavu, kingo zake zikakunjwa kushuka kama sketi fupi, kisha ncha ya ubavu ikakunjwa kuingia ndani na kuikumbatia ile sketi. Hayo ni matabaka matatu: ubavu, sketi, pindo. Pale mshono wa ubavu unapopita, karatasi ya ubavu imejipanda yenyewe, kwa hiyo matabaka yanakuwa matano. Pakumbuke hapo penye tano, tutaparudia.

Upande unaong'aa wa karatasi una utando mwembamba wa poliethilini. Huo ndio gundi yetu, hatuongezi nyingine. Unayeyuka kwenye nyuzi 105 hadi 115 hivi, na ukikandamizwa kabla haujapoa, unashika. Sasa kwa nini hita, kile kinachopasha hewa moto, inasoma 400? Kwa sababu mashine ikitoa vikombe 60 kwa dakika, kila kikombe kinakaa mbele ya pua ya hewa moto chini ya sekunde moja. Hewa si chuma, haibebi joto jingi. Ili sehemu ndogo ya sekunde itoshe, hewa lazima iwe ya moto kupita kiasi, iwe nyingi, na ipige mahali penyewe. Ukikosa kimojawapo, hivyo viwili vingine havikuokoi.

Hatua ya 1: Karatasi

Dar es Salaam ina unyevu, na masika ndiyo usiseme. Roli ikiachwa wazi usiku inakunywa maji ya hewani. Asubuhi hewa ya moto ikiipiga, yale maji yanageuka mvuke chini ya utando, mvuke unatafuta pa kutokea, na utando unavimba vipele vidogo vidogo. Kila kipele ni tundu linalosubiri chai. Roli niliyoifungua naifunga tena kwa nailoni jioni, naiweka juu ya mbao, mbali na ukuta. Kabla ya kuipandisha mashineni naweka tone la maji kila upande: upande wa karatasi tupu unakunywa, upande wenye utando tone linakaa kama shanga. Upande wa shanga ndio unaotakiwa kutazama ndani ya kikombe. Msicheke, roli iliyofungwa kinyume nimeiona kwa macho yangu.

Hatua ya 2: Hewa

Washa bloa (feni inayosukuma hewa) kwanza, iache izunguke, ndipo uwashe hita. Koili, yaani waya wa hita unaopata moto, ikiwaka bila hewa inaungua ndani ya muda mfupi, na bei yake mnaijua.

Kabla ya kuwasha hita, shika kipande cha tishu mbele ya pua. Kinatakiwa kisimame kama bendera ya shule siku ya upepo. Kikitingishika tu, fungua filta ya bloa. Vumbi la karatasi ni jepesi, linanyonywa siku nzima, na sponji ya filta inakuwa nene kama blanketi. Mimi nasafisha kila asubuhi.

Hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika. Sensa ya joto iko karibu na koili. Hewa ikipungua, sensa bado inasoma 400, kwa sababu kile kidogo kinachopita ni cha nyuzi 400 kweli. Skrini inakwambia mambo safi. Kumbe joto linalofika kwenye kikombe ni nusu.

Nilijifunza hilo kwa hasara. Umeme ulikatika, tukaunganisha jenereta ya kukodi, mashine ikawaka, kila kitu kikazunguka vizuri. Baada ya saa mbili vitako vikaanza kufunguka kama midomo ya samaki. Nikapandisha moto kwa 20. Nikapandisha tena. Kingo zikaanza kuwa kahawia na bado vinavuja. Nilipomwita fundi umeme, hakugusa mashine, aliweka kiganja mbele ya pua, akaenda kutazama feni ya bloa, akasema: "Hii inazunguka kinyume." Waya mbili za fezi, zile zinazoleta umeme kwenye mota, zilikuwa zimebadilishana kwenye jenereta. Mota kuu iko kwenye inveta (kifaa kinachodhibiti mwendo wa mota), haijali mpangilio wa fezi, ndiyo maana ilizunguka sawasawa. Bloa imeunganishwa moja kwa moja. Na feni ya aina ile, yenye umbo la konokono, ikizunguka kinyume bado inatoa hewa upande ule ule, ila dhaifu. Ingekuwa inanyonya ningejua mara moja. Sasa hivi nyumba ya bloa yangu ina mshale mwekundu wa rangi ya mlango, na kila tukibadilisha umeme mtu anakwenda kuutazama.

Hatua ya 3: Pua

Pua ya kitako ina matundu madogo yamezunguka pembeni. Yanatakiwa yapige kwenye kona, pale sketi inapokutana na ubavu, na kwenye ile ncha ya ubavu itakayokunjwa. Zima, acha ipoe, izungushe mashine kwa mkono hadi pua iingie kwenye moldi, lile umbo la chuma linaloshika kikombe. Nafasi iwe sawa kote. Tazama na matundu: mabaki ya utando yakiyaziba matatu, upande huo wa kikombe haupati kitu. Nayazibua kwa sindano ya stovu.

Hatua ya 4: Moto

Sasa, ndiyo, moto. Mashine yangu kwa karatasi ya gramu 210 kwa mita ya mraba inakaa kati ya 380 na 420. Namba hiyo ni ya kwangu, msiichukue kama dawa ya hospitali. Anza chini, panda nyuzi 10, toa vikombe 20, vipime, ndipo upande tena. Mwendo wa mashine uwe ule ule utakaofanyia kazi. Ukipima kwa vikombe 40 kwa dakika halafu ukaongeza hadi 65, umebadilisha moto bila kugusa kitufe.

Hatua ya 5: Kukunja na kukandamiza

Baada ya hewa, ncha inakunjwa, kisha gurudumu la meno linazunguka ndani likikandamiza. Zile alama za vistari unazoziona chini ya kikombe ni zake. Vistari vikiwa vimekolea upande mmoja na kufifia upande wa pili, gurudumu limekaa kombo. Likilegea, sehemu ya kwanza kuvuja ni pale penye matabaka matano, kwa sababu pale kuna ngazi, na pembeni ya ngazi panabaki kijia chembamba. Likibana kupita kiasi, meno yanakata karatasi.

Hatua ya 6: Pasua

Shika pindo kwa kucha, livute taratibu huku umekielekeza kikombe dirishani. Kikiwa kimeshika, karatasi yenyewe inachanika na kuacha manyoya meupe pande zote mbili. Kikiachia kwa sauti ya "tsk", na uso uliobaki ni laini unaong'aa, hakikushika, kilikuwa kimeegemea tu.

Kisha maji ya moto, tone la rangi ya chakula, vikombe 20 juu ya karatasi nyeupe, nusu saa. Kilichovuja kiwekee alama ya kalamu pale pale kinapovujia. Vikombe vyote vikivujia kwenye mshono, nenda kwenye gurudumu. Vikivujia upande mmoja mbali na mshono, nenda kwenye pua. Vikivujia popote bila mpangilio, ni hewa, moto au unyevu. Na kama mashine ina moldi 8 na kila cha nane ndicho kinavuja, acha kila kitu, tafuta moldi mbovu.

Wakati wa kufunga kazi ni kinyume cha kuwasha: zima hita, bloa iendelee hadi skrini ishuke chini ya 60, ndipo uizime.

Maswali ya wanachama

Mdau wa Mbagala: Mkuu, asubuhi vikombe safi kabisa, ikifika saa moja jioni vinaanza kuvuja. Sijagusa kitu.

Pima umeme saa hiyo, mkuu. Ukishuka kutoka volti 230 hadi 200, hita inapoteza karibu robo ya nguvu yake. Tazama skrini: kama umeweka 400 na inahangaika kwenye 360, jibu ndilo hilo. Ukipata stabilaiza, kifaa cha kutuliza volti, ni vizuri. Usipopata, jioni punguza mwendo, hata vikombe 50 kwa dakika vilivyoshika ni bora kuliko katoni inayorudi.

Dada wa Tabata: Shikamoo kaka. Vyangu vinashika, ila kila baada ya muda napata vitatu vinne vyenye weusi ndani na harufu ya kuungua. Wateja wanalalamika.

Marahaba, dada. Hesabu mara ngapi mashine inasimama, karatasi ikikwama kwa mfano. Ikisimama, kikombe kilichoko mbele ya pua kinaendelea kupigwa hewa ya moto. Pua inatakiwa ijitoe yenyewe mashine ikisimama. Kama haijitoi, tafuta fundi. Mpaka hapo, kila ikisimama toa vikombe vyote vilivyomo na uvitupe. Usivipange na vingine.

Mdau wa Buguruni: Vikombe vyangu vimepita mtihani wa maji ya moto, lakini mteja wa juisi anasema vinalowa.

Hivyo havivuji, vinatoka jasho. Juisi ya baridi kwenye joto la Dar inavuta maji ya hewani nje ya kikombe, na nje ni karatasi tupu. Kwa vinywaji vya baridi tumia karatasi yenye utando pande zote mbili. Ukibadilisha, rudia Hatua ya 4 kuanzia chini, kwa sababu sasa utando unakutana na utando na unashika mapema zaidi.

Kijana wa Gongo la Mboto: Kaka, nilipaka mafuta ya silikoni pale mdomo unapojikunja, siku hiyo hiyo vitako vikaanza kuachia. Vinahusiana vipi? Huko ni juu, huku ni chini.

Vinahusiana sana. Ulipaka mengi, yakatiririka au yakarushwa hadi kwenye moldi. Utando wenye silikoni haushiki hata uuwashie jiko. Futa moldi zote kwa kitambaa na spiriti, mashine ikiwa imepoa, kisha punguza mafuta hadi yawe ya kung'arisha tu. Na yawe yale yanayoruhusiwa kugusa chakula.

Mdau wa Temeke: Nimeletewa karatasi yenye utando wa mahindi, wanasema unaoza. Moto ule ule?

Hapana. Ule unayeyuka juu zaidi, kwenye 150 na kitu. Ukiuona kwa macho unafanana na wetu, kwa hiyo roli ziandike kwa kalamu nene, zisije zikachanganyika.

Yule yule wa picha ya katoni ya Kariakoo: Asante, kumbe filta yangu ilikuwa imeziba. Sasa hizi katoni saba nilizonazo, siwezi kuzipitisha tena kwenye hewa ya moto?

Pole, haiwezekani. Pindo likishakunjwa hewa haifiki tena katikati ya matabaka, utaunguza nje tu. Mimi vya kwangu vya siku ile ya jenereta niliwauzia watu wa bustani za miche, wao wanataka kitako kinachopitisha maji. Waambie tu wakitoe kikombe kabla ya kupanda, maana utando wetu hauozi ardhini.