Kabla Hujaigawa Diski ya Laptopu Yako

Mafundi wa kompyuta wa Luthuli Avenue, Nairobi, wana swali ambalo huliuliza fleshi ya kusakinisha Windows upya ikiwa tayari mkononi: "Kuna kitu muhimu humu?" Siku moja nilijibu hapana bila kufikiri, kwa kuwa picha nilikuwa nimeshazihamisha. Jioni nikarudishiwa laptopu nyepesi kama mpya, na ankara za wateja wangu za miaka mitatu hazimo. Zilikuwa Desktop, pale pale usoni pa skrini. Fundi hakukosea. Nilimwambia hamna kitu, naye akafuta.

Usipoiambia vingine, Windows huweka kila kitu kwenye sehemu ya diski iitwayo C: mfumo wenyewe, programu, hata folda za Documents, Pictures na Desktop. Mfumo ukiugua, dawa ya haraka ni kufomati C, yaani kuifuta yote, na mali yako inakwenda na maji. Ndiyo sababu watu huigawa diski sehemu mbili, C ikabaki ya mfumo na D ikawa ya mwenyewe. Siku hizi wanaohitaji kazi hiyo si haba. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi za mtumba hazikubaliki rasmi kwa Windows 11 kwa ajili ya umri wa prosesa. Wenye nazo wanaanza upya, wengine wakihamia Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, ambako desturi hii ni ya zamani: sehemu ya /home, yenye faili za mtumiaji, hutengwa, mfumo ukabadilishwa bila kuigusa.

Ila kugawa si kuweka akiba. C na D ni diski moja. Ikifa, zimekufa zote; mkoba ukinyakuliwa pale mtaa wa Ronald Ngala, zimekwenda zote. Kwa hiyo kwanza toa nakala kwenye diski ya nje, kisha ufungue faili mbili tatu kwenye kompyuta nyingine uone kama zinasomeka. Fleshi iliyofomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi faili, haipokei faili ya kufikia GB 4, kwa hiyo video ya harusi itakataa hata nafasi ikiwa tele. Ifomati kwa exFAT, tena ikiwa tupu.

Kazi yenyewe hasa ni kujua mali yako imelala wapi, na hapa ndipo wengi huteleza. Documents kila mtu anaikumbuka. Downloads inasahaulika, na humo ndimo zinamokaa risiti za kodi za iTax, taarifa za M-Pesa na ile barua ya kazi uliyoipakua mara moja ukaiacha. Kisha kuna AppData, folda iliyofichwa ndani ya jina lako la mtumiaji, inayobeba alamisho za kivinjari na, kwa anayetumia Thunderbird, barua pepe zake. Programu za hesabu za dukani nazo huwa na pahali pao pa kuweka data. Ifungue programu yenyewe, utafute sehemu yake ya kutoa nakala, usibahatishe kwa kunakili folda. Na kama OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, imewashwa, faili yenye alama ya wingu haimo kwenye diski yako, jina lake tu ndilo unaloliona. Kuinakili ni kuishusha kwanza kutoka intaneti, basi hesabu bando kabla hujaanza.

Angalia pia kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows inayoficha data kwa msimbo. Laptopu nyingi mpya huja nayo ikiwa imewashwa kimyakimya. Ufunguo wake wa dharura una tarakimu 48, na kwa kawaida hukaa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Uandike kwenye karatasi leo, kwa sababu siku utakayoulizwa laptopu haitakuwa imefunguka.

Sasa vipimo. Diski ya GB 256 Windows itakuonyesha kama GB 238. Hujaibiwa, mtengenezaji huhesabu kwa elfu na Windows kwa 1,024. Mimi huiachia C GB 120 hivi, maana Windows 11 yenyewe inadai diski isiyopungua GB 64 na masasisho hayana shibe. Diski ya GB 128 nisingeigawa kabisa. Nunua diski ya nje. Usiibane C ukidhani utaiongeza baadaye, kwani kwa zana ya Windows yenyewe hupanuka tu ikipata nafasi tupu inayofuatana nayo papo hapo, na D ndiyo itakayokuwa imekaa hapo.

Chaji betri ijae na waya uwe kwenye soketi. Kwa kompyuta ya mezani isiyo na UPS, ile betri ya akiba ya stima, subiri siku isiyo na mvua, maana stima zetu tunazijua.

D ikishapatikana, unda humo folda kwanza, tuseme Nyaraka, ndipo uihamishie Documents kupitia kichupo cha Location kwenye sifa zake (Properties). Usiielekeze kwenye D yenyewe tupu. Windows itaigeuza diski nzima kuwa Documents, na kuirudisha ni mateso. Programu na AppData ziache zilipo.

Mwisho, ipe D jina linaloonekana. Kwenye skrini ya kusakinisha Windows upya, zile herufi C na D hazionyeshwi. Fundi huona namba za sehemu, ukubwa wake na jina ulilolipa. Yangu inaitwa USIFUTE. Na bado huvuta kiti nikakaa kando yake mpaka apite hiyo skrini.