SOMO: Injini yenye pistoni za foji inagonga asubuhi ikiwa ya baridi, isikilize hivi kabla hujaishusha

Habari zenu wakuu. Nipo Isevya hapa Tabora, na mwezi huu wa saba baridi ya alfajiri si ya kitoto, kila siku napigiwa simu ileile, "fundi, injini nimejenga juzi tu mbona inagonga". Ukimdadisi kidogo unakuta ndani mna pistoni za foji, yaani zile za kufuliwa kwa kushindiliwa, sio za kumiminwa kwenye kalibu kama nyingi zinazotoka na gari kiwandani. Mwaka jana kuna jamaa wa Toyota Mark II yenye injini ya 1JZ aliambiwa konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki) imekwisha, akalipia injini kushushwa, tukafungua beringi tukakuta zinang'aa hazina hata mchubuko. Gasketi, oili, hela ya ufundi, siku nne gari iko juu ya mawe, na hakukuwa na ugonjwa wowote. Iliniuma sana.

Elewa kwanza kinachotokea mle ndani. Pistoni ni aluminiamu, bloku ya 1JZ ni chuma cha kumimina, na aluminiamu inatanuka karibu mara mbili ya chuma. Silinda ya 1JZ ni milimita 86, pistoni ya saizi hiyo ikipanda joto nyuzi 50 inanenepa kama milimita 0.1, bloku kwa joto hilohilo inapanuka kama nusu yake tu. Sasa pistoni nyingi za foji ni aloi ya 2618, haina silikoni ya maana, inavumilia sana kipigo cha tabo (turbo) lakini inatanuka mno, kwa hiyo lazima iachiwe nafasi kubwa kati yake na ukuta wa silinda ikiwa ya baridi, milimita 0.08 hadi 0.1 na hata zaidi, inategemea karatasi ya walioitengeneza inasemaje. Kuna na aloi ya 4032, hii ina silikoni kama asilimia 12, inatanuka kidogo, nafasi inabanwa na asubuhi haisumbui sana. Ile ya 2618 ikiwa imesinyaa inayumba kwenye pini yake, sketi, yaani ubavu wake wa chini ya ringi, inapiga ukuta wa silinda kila moto unapoisukuma chini, ndo hiyo ko-ko-ko unayoisikia. Ikipata joto inajaa, kimya.

Hatua ya 1. Gari ilale usiku mzima, sio uizime kwa saa moja tu halafu uje useme umepima. Saa 12 asubuhi fungua boneti kabla hujawasha, shika simu yenye saa, washa na usikanyage mafuta. Taa ya oili izime ndani ya sekunde chache, isipozima zima injini hapohapo, hilo ni jambo lingine kabisa. Sauti ikiisha andika kwenye daftari ni dakika ngapi na mshale wa joto ulikuwa wapi. Hii daftari watu wanaidharau lakini ndo kipimo chenyewe, maana leo dakika tatu na mwezi ujao dakika tatu huna shida, ila ikitoka tatu ikaenda nane kuna kitu kinalika.

Hatua ya 2. Chukua bisibisi ndefu, ncha kwenye ubavu wa bloku, kishikio kwenye sikio, na angalia feni na mikanda isikukamate. Pistoni utaisikia ubavuni, butu, kama mtu anagonga mlango wa mbao kwa kifundo cha kidole. Tapeti, zile zinazosukuma valvu, ziko juu kwenye kava na sauti yake ni nyembamba. Konrodi inasikika chini kuelekea sampo (karai la oili), nzito, na hii haiponi ikipata moto, inazidi.

Hatua ya 3. Chomoa soketi ya injekta moja, sikiliza, rudisha, nenda nyingine. Silinda inayogonga ukiikata moto sauti inapungua. Lakini hapa wengi ndo wanapopotea, konrodi nayo inapungua ukifanya hivyo, kwa hiyo kipimo hiki kinakuonyesha silinda ipi, hakikuambii ugonjwa upi. Ugonjwa unaambiwa na joto.

Hatua ya 4. Endesha mpaka ipate moto kweli, kama nusu saa, rudi usikilize tena. Kimya, na haili oili wala haitoi moshi wa bluu? Iache injini yako. Bado inagonga? Mwaga oili, pasua filta, angalia chengachenga za chuma, hapo sasa kufungua kuna sababu.

Hatua ya 5, na hii nawaomba sana, RUDISHENI THEMOSTATI, kile kivalvu kinachozuia maji kwenda kwenye redieta mpaka injini ipate moto. Huku kwetu mtu akiona jua kali anaing'oa eti injini ipoe, matokeo yake maji yanazunguka redieta tangu unawasha, injini inachelewa kupata moto na pistoni inaendelea kupiga ukuta muda wote huo. Ya 1JZ inaanza kufunguka nyuzi 80 hadi 84, imewekwa kwa makusudi.

Kuendesha ni rahisi tu, washa, subiri dakika moja au mbili, ondoka taratibu usipite mizunguko 2500. Usikae unaungurumisha nusu saa, injini ya baridi inamwagiwa petroli nyingi na inaosha oili kwenye kuta. Na mshale wa maji ukifika katikati oili bado haijafika, ipe dakika kadhaa zaidi ndo ukanyage.

MASWALI

Mdau wa Nzega: Shikamoo fundi. Nikiweka oili nzito 20W-50 si itanyamaza?
Jibu: Marahaba mdogo wangu. Inaweza ikafifia lakini ikiwa ya baridi inachelewa kufika juu kwenye kemshafti (shafti inayofungua valvu). Weka ile aliyokwambia aliyejenga injini, yeye ndo anajua nafasi ya beringi alizoacha.

Mdau wa Kasulu: Noah yangu ya injini ya 3S haijawahi kufunguliwa, nayo inagonga asubuhi, niache tu?
Jibu: Hapana kaka, usitumie somo hili kujifariji. Pistoni zako ni za kumiminwa, nafasi yake ni ndogo, ikigonga hivyo sketi au silinda imelika. Ila anza na gasketi ya manifoldi ya moshi, ikivuja inatoa tik-tik ya baridi na ikipata moto inaziba yenyewe, ukitazama kwenye kiungo utaona masizi meusi.

Mdau wa Mwanga, Kigoma: Mkuu, nachonga silinda wiki ijayo, nimwambie anayechonga abane ili isipige kelele?
Jibu: Usithubutu! Ukiibana 2618 siku ukipanda mlima na mzigo inajaa ikose pa kwenda, inakwaruza silinda na inaweza kukwama kabisa. Kelele huitaki basi nunua 4032 toka mwanzo. Na mpelekee pistoni zenyewe mkononi, azipime kwa maikromita moja moja pale karatasi inapoelekeza kwenye sketi, sio juu kwenye ringi, halafu kila silinda ichongwe kwa pistoni yake na uziandike namba usije ukazichanganya wakati wa kufunga.