Namna ya Kuunda Miiko ya Mashujaa katika Ulimwengu wa Kubuni

Mwandishi anayebuni jeshi la kufikirika huwa na haraka ya kuorodhesha sifa njema, yaani ujasiri, utii na uaminifu, kisha hushangaa kuona askari wake wote wakizungumza kwa sauti moja. Orodha hiyo iweke kando, ujiulize kwanza jeshi hilo linaogopa nini. Watu wanaoishi kwenye uwanda unaofurika, mfano wa Kano hapa Kisumu, huku adui akiwatazama kutoka milimani, watakuwa na mwiko wa kuwasha moto usiku, mwiko wa kuvuka mto kabla ya kuhesabiana, na adhabu kali kwa mlinzi wa mifugo atakayesinzia. Mwiko wowote usio na chanzo cha namna hiyo ufute.

Amua pia ni nani anayefundisha. Wanandi wana marika saba ambayo majina yake hurudi kwa mzunguko, na zamani rika moja lilikabidhi ulinzi wa nchi kwa rika lililolifuata. Ukiwapa mashujaa wako utaratibu kama huo, hutahitaji amri zilizochongwa kwenye mabamba ya dhahabu (ambazo mimi binafsi zimenichosha), kwa maana kijana atakemewa na aliyemtangulia.

Sehemu ngumu ni kuvunjwa kwa mwiko. Wengi humleta msaliti mwenye tamaa, lakini masimulizi ya Luanda Magere, shujaa wa Wajaluo, yana werevu zaidi. Silaha hazikuupenya mwili wake kwa kuwa nguvu zake zilikuwa kivulini, na siri hiyo haikupaswa kutoka. Alipougua, alimwambia mkewe, aliyetoka upande wa adui, akichanje kivuli badala ya mwili ili dawa ipate kuingia. Mke akaona damu, akatorokea kwao, na vita vilipozuka tena mkuki ukaelekezwa kivulini. Siri haikumtoka kwa woga, bali kwa sababu alihitaji kuuguzwa. Mtafutie shujaa wako udhaifu wa aina hiyo, ambao msomaji angeukiri kuwa ni wake pia.

Kabla ya kuandika sura ya kwanza, chukua miiko miwili uigonganishe. Mlinzi amekatazwa kuliacha zizi, tena amekatazwa kumwacha mwenzake aliyejeruhiwa, na usiku huo kilio kinasikika ng'ambo ya mto. Ikiwa unajua papo hapo atakachofanya, mmoja kati ya miiko hiyo bado ni mwepesi mno, nawe huna budi kuuandika upya.