Namna ya Kusikiliza Tena na Tena Riwaya ya Kuchekesha ya Wanyonya Damu

Riwaya ya Terry Pratchett iitwayo Carpe Jugulum, iliyotoka mwaka 1998, inahusu wanyonya damu, lakini hata aliyekua akitishiwa mumiani hatakosa usingizi kwa ajili yao: ni familia yenye majivuno, iliyojizoeza kustahimili vitunguu saumu, mwanga wa jua na alama za dini, ikaalikwa katika ufalme mdogo wa Lancre na kuamua kuutawala, bila kuwapigia hesabu wachawi wa huko.

Pakua kitabu chote cha sauti ukiwa nyumbani, ili mtandao ukikatika katikati ya Ziwa Victoria usikwame. Meli ya kutoka Mwanza kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, ambayo huchukua takribani saa tatu, ni mahali pazuri kuliko daladala ya Igoma, ambamo sauti ya kondakta humeza kila mzaha. Usiongeze kasi ya msomaji, maana kichekesho kingi kimo katika ule utuo mfupi kabla ya neno la mwisho.

Kitabu hiki hakina sura, kwa hiyo weka alamisho zako mwenyewe. Kina tanbihi pia, nazo ni nusu ya utamu wake. Katika usomaji wa Indira Varma, tanbihi husomwa na Bill Nighy, na kubadilika huko kwa sauti humsaidia mtu ambaye Kiingereza chake ni cha shuleni. Usomaji wa zamani wa Nigel Planer ninaupenda, lakini ningeuacha hadi uizoee hadithi.

Mara ya kwanza fuata kisa tu, wala usirudishe nyuma hata kama umepitwa na mzaha. Mara ya pili mfuate Agnes Nitt, msichana mwenye Perdita ndani yake, yaani akili ya pili yenye kejeli, ambayo ndiyo inayowashinda wanyonya damu wanapotaka kumtawala. Mara ya tatu tega sikio pale baba wa familia ya wanyonya damu anapojivuna jinsi alivyowafundisha wanawe kuzitambua alama takatifu za kila aina wasizihofu. Weka alamisho hapo, kwa sababu somo hilo litawarudia vibaya, na aliyelisahau atacheka nusu tu. Fanya vivyo hivyo kila chai inapotajwa.

Ukitaka kumvuta ndugu yako, usimwanzishie ukurasa wa kwanza, ambao ni mzito kidogo. Mpe mazungumzo ya wachawi watatu, mkiwa mnachambua dagaa.