Dawa ya miti juu ya vidonge vya spitali: namna ya kuamua

Unguja na Pemba, nyumba nyingi zenye mgonjwa wa kisukari au presha zina dawa za namna mbili: vidonge vya kliniki, na chupa ya habasoda au mfuko wa mlonge. Hilo peke yake si kosa. Watu huumia pale vidonge vinapoachwa kimyakimya, au dawa mbili zinapochanganywa na daktari hana habari.

Anza na namba. Presha haijulikani kwa kichwa kuuma, wala sukari kwa kuona sisimizi msalani. Pima, kisha andika kwenye daftari tarehe, kipimo na dawa unazokunywa. Asiye na kipimo cha mwanzo hawezi kujua kama dawa imemsaidia, na atabaki kutegemea maneno ya muuzaji.

Ukifika kwa mganga au duka la dawa za Kisunna, uliza: ni mti gani, kwa jina lake? Ni majani, mbegu, gome au mizizi? Kiasi gani kwa kijiko, mara ngapi, kwa siku ngapi? Nani hatakiwi kuitumia? Sehemu ya mti ina uzito wake: majani ya mlonge ni mboga, lakini mizizi na magome yake mjamzito asiyaguse. Mganga anayeijua kazi yake hujibu bila kukasirika. Muulize pia cheti cha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Cheti kinaonyesha kwamba anajulikana; hakithibitishi kila dawa anayouza. Akikwambia uache vidonge kwanza ndipo dawa yake ifanye kazi, ondoka.

Unga usio na jina la mti uogope zaidi, hasa wa maumivu ya viungo na wa nguvu za kiume. Sehemu nyingi duniani unga wa namna hii umekutwa umetiwa dawa za viwandani: steroidi kwenye wa viungo, sildenafili kwenye wa nguvu za kiume. Maumivu ya miaka yakiondoka kwa siku moja, uso ukavimba na sukari ikapanda, shuku steroidi. Hapo usiikate ghafla kama umeitumia kwa wiki kadhaa, maana mwili unakuwa umeacha kutengeneza steroidi yake wenyewe. Nenda spitali na unga wenyewe.

Sasa kisukari, ambako makosa ni mengi. Habasoda na mlonge vinaweza kushusha sukari. Tafiti za habasoda kwa wenye kisukari zilitumia gramu 1 hadi 3 kwa siku, tena juu ya vidonge, si badala yake. Anayetumia metformini peke yake, hatari ya sukari kushuka mno ni ndogo. Anayetumia glibenklamidi au insulini ndiye wa kuangaliwa: dawa zote zinavuta upande mmoja. Jasho la baridi, kutetemeka, njaa ya ghafla, maneno kuchanganyika: pima. Ikiwa chini ya 4 (mmol/L), mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari ndani ya maji, upime tena baada ya dakika 15. Aliyezimia asipewe kitu mdomoni, akimbizwe spitali. Na Ramadhani si mwezi wa kuanzia dawa mpya ya sukari.

Mwenye presha ajihadhari na urukususi (licorice), ambao huingia kwenye michanganyiko ya kikohozi: ukitumiwa kwa wingi hupandisha presha na kushusha potasiamu. Anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asizidishe kitunguu thomu, tangawizi wala manjano kupita kiasi cha mchuzi, kwani damu inaweza kutoka isikatike. Mwenye operesheni aache dawa za miti wiki mbili kabla, na amwambie daktari.

Maneno ya kumwambia daktari ni mafupi: "Daktari, nakunywa habasoda kijiko kimoja asubuhi, nimeanza wiki iliyopita. Inagombana na vidonge vyangu?" Akifoka, uliza tena au mwendee mfamasia, usifiche. Anza dawa moja tu kwa wakati, ili ikikudhuru ujue ni ipi.

Kwa hijama, yaani kuumikwa, wembe ufunguliwe mbele yako, vikombe viwe vipya, mtaalamu avae glavu. Pembe ya chuku inayozunguka kwa watu haitakasiki, na homa ya ini aina ya B hupita kwa damu kidogo sana. Mjamzito, mwenye selimundu, mwenye upungufu wa damu na anayetumia wafarini wasiumikwe.

Watoto wana masharti yao. Asali hapana kabla ya kutimiza mwaka. Mafuta ya mwarobaini wasinyweshwe, yameshasababisha degedege na vifo. Mafuta ya karafuu au makonyo, hata kijiko kimoja cha chai, yanaweza kuharibu ini la mtoto. Chupa ikae juu, imefungwa. Mtoto mwenye homa apimwe malaria siku hiyo hiyo, na mwenye degedege aende spitali kwanza. Kombe na dua vitamfuata huko huko.

Mtu akidhurika na dawa yoyote, usimtapishe. Chukua chupa, mfuko au majani yaliyobaki, uandike saa aliyokunywa na kiasi, uende navyo.